Domeni yangu, seva ya nyumbani, na mteja aliyedhani nimemtapeli

"Dada, umenitapeli?"

Ujumbe huo uliingia WhatsApp siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, kutoka kwa mteja wangu anayeishi Maskati. Alikuwa ameagiza madera 12 ya sare kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Kaka yake aliyeko Ilala alishanitumia pesa yote kwa simu siku mbili kabla. Asubuhi ile akafungua tovuti yangu aangalie oda yake imefikia wapi, akakutana na onyo: kivinjari kinamwambia ukurasa huu si salama, huenda kuna mtu anataka kukuibia taarifa zako.

Nikashika simu yangu, nikafungua tovuti. Inafunguka vizuri kabisa, picha zote zipo. Nikamjibu, "Mbona kwangu inafunguka dada? Jaribu tena."

Wauzaji wenzangu, jibu hilo ndilo lililoharibu zaidi. Yeye anaona onyo la wizi, mimi namwambia hakuna shida. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Leo nawasimulia nilivyofika hapo, na namna ya kuelekeza jina la domeni kwenye seva ya nyumbani bila kurudia makosa yangu. Tulia usome mpaka mwisho, kuna sehemu za kufanya na sehemu za kuacha kabisa.

KWA NINI NILITAKA TOVUTI YANGU

Nauza madera na vitenge kutokea nyumbani, Tabata. Kwa miaka mitatu duka langu lote lilikuwa akaunti moja kwenye mtandao wa kijamii. Siku moja akaunti ikafungwa, sijui kosa langu, na kuipata tena ilinichukua wiki tatu. Wiki tatu wateja wananitafuta hawanioni. Nikaapa kwamba lazima niwe na anwani ambayo ni yangu, ya kuandika kwenye mfuko na kwenye stika, ambayo haifungwi na mtu mwingine.

Mdogo wangu wa kiume anasoma mambo ya kompyuta. Akaniambia, "Dada, ile kompyuta mpakato yako ya zamani tunaifanya seva. Unanunua domeni tu, kila kitu kinakaa hapa hapa sebuleni." Nikaona hapo nimeokoa hela ya kukodi nafasi kila mwezi. Nikanunua jina, nikachapisha stika 500. Mwezi wa kwanza mambo yakaenda vizuri.

KWANZA TUELEWANE: DOMENI NI NINI?

Fikiria simu yako. Umeandika "Fundi Cherehani" kwenye majina. Ukibonyeza jina, simu inapiga namba. Wewe huikumbuki namba, unalikumbuka jina. Fundi akibadili laini na wewe hujabadilisha namba kwenye simu, utabonyeza jina lile lile halafu atapokea mtu usiyemjua.

Intaneti iko hivyo hivyo. Kila kifaa kilichounganishwa hutafutwa kwa namba, inaitwa anwani ya IP, kwa mfano 203.0.113.25. Kitabu cha kubadili majina kuwa namba kinaitwa DNS. Kilibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris, maana kabla ya hapo kompyuta zote zilitegemea orodha moja ya majina, na orodha ilikuwa inazidi kuwa ndefu.

Kwa hiyo "kuelekeza domeni" ni kuandika kwenye kitabu hicho: jina langu liende namba hii. Basi. Kazi ngumu ni kuhakikisha namba hiyo kweli inafika nyumbani kwako, na inabaki hivyo.

HATUA KWA HATUA

1. Sajili jina kwa jina lako wewe. Majina yanayoishia .co.tz unayapata kwa wasajili walioidhinishwa, na unalipia kila mwaka. Tumia barua pepe yako na namba yako ya simu. Fundi akikusajilia kwa jina lake, siku mkigombana jina limeondoka naye. Uliza pia bei ya mwaka wa pili, siyo ofa ya mwaka wa kwanza tu.

2. Ipe seva namba ya ndani isiyobadilika. Ruta yako inagawa namba kwa kila kifaa cha nyumbani, mara nyingi zinaanza na 192.168. Ingia kwenye ruta, iambie kompyuta hii ipewe namba ile ile siku zote, tuseme 192.168.1.50. Ichomeke kwa waya, usitegemee Wi-Fi. Halafu shika simu iliyo kwenye Wi-Fi ya nyumbani, andika namba hiyo kwenye kivinjari. Ukiona duka lako, seva inafanya kazi. Lakini bado hujatoka nje ya nyumba.

3. Angalia kama una namba ya nje inayofikika. Hapa ndipo wengi wanakwama siku nzima. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta namba iliyopewa na kampuni ya intaneti, yaani upande wa "WAN". Halafu ingia kwenye tovuti yoyote inayokuonyesha namba yako ya IP. Linganisha. Zikifanana, endelea. Zikitofautiana, au ile ya kwenye ruta ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya namba moja. Namba za aina ya zamani jumla yake ni kama bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika Februari 2011, ndiyo maana kampuni nyingi zinabana hivyo. Kama uko kwenye hali hiyo, usihangaike na ruta, haitasaidia. Ruka uende sehemu ya "handaki" hapo chini, au iombe kampuni ikuuzie namba yako peke yako.

4. Fungua milango miwili tu kwenye ruta. Tafuta palipoandikwa "Port Forwarding" au "Virtual Server". Poti 80 na poti 443 zipeleke 192.168.1.50. Ya 80 ni ya tovuti ya kawaida, ya 443 ni ya tovuti yenye kufuli. Usifungue nyingine yoyote. Usiruhusu ukurasa wa kusimamia ruta ufunguke kutoka nje, na neno la siri lililokuja na ruta libadilishe leo hii.

5. Andika rekodi za DNS. Ingia kwa msajili wako, fungua sehemu ya DNS. Weka rekodi ya A: jina "@" liende kwenye namba yako ya nje. Alama ya @ maana yake ni domeni yenyewe bila www. Halafu weka rekodi ya CNAME: jina "www" liende kwenye domeni yako. Kuna kisanduku kinaitwa TTL, nitakirudia, ndicho kilichoniumiza. Andika 300.

6. Weka kufuli. Let's Encrypt wanatoa vyeti vya usalama bure. Cheti nilichopewa mimi kilikuwa cha siku 90, kwa hiyo weka programu ikihuishe yenyewe. Ukisahau kikaisha, wateja wataona onyo kama lile aliloliona dada wa Maskati.

7. Jaribu kwa bando, siyo kwa Wi-Fi. Zima Wi-Fi kwenye simu, tumia data ya laini, fungua domeni yako. Ukiweza mtumie rafiki aliye mkoa mwingine afungue naye. Jaribio la ukiwa ndani ya nyumba halikuambii mteja anaona nini.

SASA IJUMAA ILE ILITOKEA NINI?

Alhamisi niliona LUKU imebaki kidogo nikasema nitanunua kesho. Saa tisa usiku ikaisha. Kompyuta ina betri yake, haikuzima. Ruta haina betri, ikazima. Asubuhi nikanunua umeme, ruta ikawaka, intaneti ikarudi, nikajua mambo yameisha.

Kumbe ruta ilipowaka ilipewa namba mpya ya nje. Hiyo ni kawaida kwa intaneti ya nyumbani, namba ni ya kukopeshwa. Ile namba ya zamani inaonekana alipewa mteja mwingine wa kampuni. Domeni yangu bado ilikuwa inaelekeza kule kule. Kwa hiyo dada wa Maskati aliandika jina langu, akapelekwa kwenye kifaa cha mtu nisiyemjua, kivinjari kikaona cheti hakifanani na jina, kikapiga kelele. Kivinjari kilikuwa sahihi kabisa.

Na kwa nini kwangu ilifunguka? Kwa sababu kwenye simu yangu nilikuwa nimehifadhi ile namba ya ndani, 192.168.1.50, tangu siku ya majaribio. Sikuwa napita intaneti hata kidogo. Nilikuwa naangalia kompyuta iliyo hatua nne kutoka kwenye kochi.

Mdogo wangu alipotoka chuo saa saba mchana ndiyo akagundua. Akabadilisha namba kwenye DNS, nikashusha pumzi. Lakini wateja wengine waliendelea kuona onyo mpaka Jumamosi. Ndiyo ile TTL sasa. TTL ni muda, kwa sekunde, ambao unawaambia wengine wanaweza kuikumbuka namba yako bila kuuliza tena. Yetu ilikuwa 86400, yaani saa 24. Waliokuwa wameshauliza asubuhi waliendelea kupelekwa kwenye namba ya zamani. Ingekuwa 300, ni dakika tano tu.

Wateja wawili wakaomba pesa zao. Nikarudisha siku ile ile, sikubishana. Jumla ilikuwa laki moja na themanini elfu, na mmoja wao hajarudi mpaka leo.

Dada wa Maskati nilimpigia kwa video. Sikuanza kumweleza habari za IP, nilimwonyesha mzigo. Madera kumi na mawili yamekunjwa mezani, moja moja, na karatasi yenye jina lake. Nikampigia na kaka yake nikamwambia kama ana shaka aje Tabata achukue mwenyewe. Akaja kweli, jioni ile, na bodaboda. Akahesabu, akaondoka nayo. Usiku yule dada akaniandikia: "Samahani mdogo wangu, niliogopa. Hela ile tulichangishana."

Sikuwa na cha kumsamehe. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

NILIVYOREKEBISHA

Kwanza, namba ikibadilika, DNS ijirekebishe yenyewe. Ruta nyingi zina sehemu inaitwa "DDNS". Inakupa jina la pembeni linaloifuata namba yako kila inapobadilika. Ukilitumia, rekodi ya CNAME ya "www" inaelekeza kwenye jina hilo la pembeni. Angalizo: ile "@" kwa kawaida haikubali CNAME, kwa hiyo mwambie msajili alielekeze jina tupu kwenda kwenye www. Njia nyingine ni programu ndogo kwenye seva yenyewe, inaangalia namba ya nje kila dakika tano na kuibadilisha kwa msajili, kama msajili wako anaruhusu.

Pili, handaki. Hii ndiyo ninayotumia sasa. Badala ya kufungua mlango ili watu waingie, seva yako yenyewe inatoka na kushika mkono wa seva ya kampuni iliyo nje. Mteja anafika kwa kampuni ile, na ombi lake linapita kwenye mkono ule mpaka nyumbani. Hufungui poti yoyote kwenye ruta, namba ikibadilika haikuhusu, na hata ukiwa nyuma ya namba ya pamoja inafanya kazi. Cloudflare wana huduma ya namna hii na mdogo kama mimi anaanza bure. Ila utahamishia DNS yako kwao. Kabla ya kuhamisha, piga picha ya skrini ya rekodi zote za zamani. Kama una barua pepe ya domeni yako, zile rekodi za MX ndizo zinazoleta barua. Ukizisahau, tovuti itafunguka lakini barua za oda hazitafika, na wewe hutajua.

Tatu, umeme. Nilinunua betri ndogo ya ruta. Ukinunua soma nyuma ya adapta ya ruta yako, nyingi ni volti 12, lakini usikisie. Na gharama ya umeme piga hesabu mwenyewe: kompyuta inayokula wati 20, saa 24, siku 30, ni yuniti 14 na nusu hivi kwa mwezi. Kikompyuta kidogo cha wati 5 ni kama yuniti 3.6. Seva ya nyumbani siyo bure kama nilivyodhani.

Nne, picha. Intaneti ya nyumbani mara nyingi ina nguvu ya kushusha kuliko kupandisha, na seva yako inapandisha. Picha 30 za simu, kila moja MB 4, ni MB 120. Kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde, mteja atasubiri zaidi ya dakika tatu. Hakuna atakayesubiri. Nilizipunguza mpaka KB 150 kila moja, ukurasa mzima ukawa MB 4.5, sekunde saba au nane. Siku hiyo hiyo watu wakaanza kusema "tovuti yako imekuwa nyepesi".

Tano, nini kisikae sebuleni. Kwangu kuna picha, bei na fomu ya oda. Malipo yanapita kwenye simu kama kawaida, sihifadhi namba ya siri ya mtu wala kadi. Majina na namba za wateja nayafuta oda ikishafika. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wenzetu Kenya wana ya kwao ya 2019. Usiseme wewe ni mdogo sheria haikuoni. Na kila Jumapili nanakili tovuti nzima kwenye flashi, maana kompyuta inaweza kuibiwa au kumwagikiwa chai.

JE, WEWE UFANYE HIVI?

Nitakuwa mkweli. Kama kuna mtu nyumbani anayejua kompyuta na anapatikana, na duka lako linaweza kuvumilia kukatika saa mbili tatu, seva ya nyumbani inawezekana na utajifunza mengi. Kama uko peke yako, au oda zako ni za haraka kama chakula na keki, kodi nafasi kwenye seva ya kampuni. Hata ukiwa huna tovuti kabisa, nunua jina, liambie liende kwenye linki ya WhatsApp yako. Wasajili wengi wana sehemu ya kufanya hivyo.

Maana jambo lenyewe ni jina. Stika zangu 500 hazikubadilika hata moja. Nimehama kutoka ruta kwenda handaki, na mwakani nikitaka nitahamia kwenye seva ya kukodi, na mteja aliyenunua dera mwaka jana ataandika jina lile lile na kunikuta. Sehemu jina linapoelekea unaibadilisha jioni moja. Jina likishakuwa mikononi mwa mtu mwingine, kulipata tena ni kesi.

Kabla hujalala leo, fanya vitu vitatu. Angalia domeni yako imesajiliwa kwa jina la nani na inaisha lini. Angalia TTL yako ni ngapi. Halafu zima Wi-Fi, washa data, fungua tovuti yako kama mteja.

Na mteja akikwambia "kwangu haifunguki", usimjibu "kwangu inafunguka". Mwambie, "Pole, nitumie picha ya unachokiona, naangalia sasa hivi." Mimi sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi, nimeibandika juu ya ruta.

Dada wa Maskati aliagiza tena mwezi uliopita, madera sita. Safari hii alilipa nusu kwanza, nusu mzigo ulipofika. Nilikubali, na sikuona vibaya.

Kama una mwenzako anayeuza mtandaoni na yuko mbioni kununua domeni, mtumie hii asome kabla hajachapisha stika.